Mpe simu, mwachie na namba ya siri

Katika nyumba nyingi za mjini, kijana mwenye ulemavu wa akili anaijua simu. Anajua kuiwasha, anajua kutafuta katuni na nyimbo anazozipenda, anajua kupandisha sauti, na chaji ikikaribia kwisha anajua waya uko chumba gani. Hakuna aliyekaa naye chini kumfundisha. Alimtazama kaka yake, akajaribu, akakosea, akarudia mpaka akapata. Lakini muulize mzazi kama kijana huyohuyo anaweza kupiga simu nyumbani akipotea Kariakoo, kununua bando, au kumtumia shangazi yake shilingi elfu moja. Jibu huja haraka: hayo hawezi. Ukidadisi kidogo unagundua kwamba hayo hajawahi kufundishwa.

Simu iliingia katika nyumba hizi kwa ajili ya kumtuliza mtoto ili mama apate kupika. Hakuna wa kumlaumu. Mzazi wa mtoto anayehitaji jicho saa zote naye anahitaji kupumua. Shida inakuja mtoto anapokua. Anafika miaka 18, anafika 25, na simu bado ni ya katuni tu. Wakati huohuo maisha ya mtaani yamehamia humo: umeme wa LUKU unanunuliwa kwa simu, mchango wa msiba unatumwa kwa simu, hata mama ntilie ameandika namba yake ya malipo kwenye kipande cha boksi.

Watu wenye ulemavu wa akili wanaweza kujifunza kuitumia simu kwa kazi za maisha, kila mmoja kwa kiwango chake, wakifundishwa kwa njia inayowafaa. Na mafunzo hayo yatakuwa bure kama simu, laini na namba ya siri vitabaki mikononi mwa mtu mwingine.

Tunamzungumzia nani

Ulemavu wa akili huanza utotoni, ubongo ukiwa bado unakua. Mtu hujifunza polepole kuliko wenzake, hupata shida kushika mambo mengi kichwani kwa wakati mmoja, na huhitaji msaada katika shughuli za kila siku, wengine kidogo, wengine sana. Sababu zake ni nyingi. Wapo wanaozaliwa na Down Syndrome, hali inayotokana na kromosomu ya ziada ya namba 21, kama Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake walivyoeleza mwaka 1959. Wapo waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa. Wapo waliougua malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo au manjano makali ya uchanga. Wapo ambao mama zao walikosa madini joto wakati wa ujauzito. Usonji ni hali nyingine, ingawa baadhi ya wenye usonji wana ulemavu wa akili pia. Watu wengi huchanganya haya yote na ugonjwa wa akili, ambao unaweza kumpata mtu yeyote katika umri wowote na una matibabu yake.

Kwa mwalimu, kilicho muhimu zaidi ni kujua mwanafunzi aliye mbele yake anashikaje mambo. Wengi wenye Down Syndrome hukumbuka walichokiona kuliko walichokisikia. Maelezo marefu ya mdomo hupotea, picha hubaki. Wengi wenye usonji hupenda utaratibu usiobadilika, na wakishaushika hawaruki hata hatua moja. Mwalimu mzuri anaanzia kwenye nguvu hizo.

Kuivunja kazi vipande vipande

Miaka ya 1970, mtafiti wa Marekani Marc Gold, wa Chuo Kikuu cha Illinois, aliwafundisha watu wenye ulemavu mkubwa wa akili kuunganisha breki ya baiskeli yenye vipande vingi, kazi ambayo wengi wetu tungeshindwa kuifanya bila maelekezo. Hakutumia maneno mengi. Aliigawa kazi katika hatua ndogondogo, akavipanga vipande kwa mfuatano, akapaka rangi upande ambao mtu alitakiwa auone. Mwanafunzi alipokwama, Gold alimtaka ajaribu namna nyingine. Msimamo wake ulikuwa kwamba mwanafunzi asipoelewa, mwalimu ndiye mwenye kazi ya kutafuta njia nyingine.

Njia hiyo ndiyo inayofaa kwenye simu. Kwa aliyezoea, kutuma pesa ni tendo moja. Lifungue uone yaliyomo: kuwasha kioo, kutoa kifungio, kufika sehemu ya kupiga, kubonyeza *150*00# kama anatumia M-Pesa, kusubiri menyu, kutambua chaguo la kutuma pesa, kuandika namba ya anayetumiwa, kuandika kiasi, kuandika namba ya siri, kuhakiki, kukubali, kusubiri ujumbe. Kila moja ni somo linalojitegemea, na mwanafunzi anaweza kuwa hodari katika kumi na moja akakwama katika moja. Asiyeziona hatua hizo atasema kijana ameshindwa kutuma pesa. Anayeziona atasema kijana anachanganya nyota na reli, basi tufanye mazoezi ya nyota na reli.

Si lazima kuanza mwanzo. Walimu wengi wa elimu maalumu huanzia mwisho. Mwalimu anafanya hatua zote yeye, anabakiza ya mwisho, ile ya kukubali, kisha wote wawili wanasikiliza simu ya pili mezani ikitoa mlio wa ujumbe. Mwanafunzi ameonja matunda siku ya kwanza. Akishaizoea, mwalimu anambakizia hatua mbili, halafu tatu, mpaka siku moja anafanya zote mwenyewe. Msaada nao unapungua taratibu: mwanzoni mwalimu anaongoza kidole cha mwanafunzi, baadaye anaonyesha tu, kisha anaegemea kiti na kukaa kimya. Kukaa kimya ndiko kugumu. Sisi wote tuna haraka ya kusema "lete nikufanyie", na kila tunaposema hivyo tunamnyang'anya mwanafunzi zamu yake ya kujifunza.

Hela isiyo na rangi

Kuna jambo ambalo waliobuni huduma za fedha za simu hawakulitazama. Kabla ya M-Pesa kuanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, kijana asiyejua kusoma aliweza kutumwa dukani na kurudi na chenji kamili, kwa sababu aliijua hela kwa macho. Noti ya elfu kumi, ile ambayo vijana wa mjini huiita msimbazi, ni nyekundu. Ya elfu moja ni ya bluu. Huwezi kuzichanganya hata gizani kidogo.

Ndani ya simu rangi hizo hazipo. Elfu moja na elfu kumi zinatofautiana kwa sifuri moja, na sifuri moja ni rahisi kuirudia kidole kinapokwama. Kwa hiyo yule aliyekuwa anajitegemea kwa noti mkononi anaweza kujikuta tegemezi kwa sababu ya teknolojia iliyoletwa kurahisisha maisha.

Dawa yake haina gharama. Mwalimu anachukua kadi, upande mmoja anachora noti kwa rangi yake, chini yake anaandika tarakimu kama zinavyotokea kwenye simu. Mwanafunzi anataka kutuma kiasi cha noti ya bluu? Anachukua kadi ya bluu, anaiweka kando ya simu, analinganisha tarakimu moja baada ya nyingine kwa kidole: moja, sifuri, sifuri, sifuri. Zikilingana anaendelea, zisipolingana anafuta. Mazoezi yafanywe kwa hela halisi, hata kama ni shilingi mia tano, kwa sababu hela ya kuigiza haimfundishi mtu kuwa mwangalifu. Na makato yaelezwe tangu mapema, maana ni vigumu kuelewa kwa nini salio limepungua zaidi ya kilichotumwa.

Menyu isiyosubiri

Menyu zinazoanza kwa nyota zina muda wake. Ukichelewa kujibu, zinajifunga na kukurudisha mwanzo. Anayesoma polepole anaweza kufika hatua ya kuandika kiasi mara nne, na mara zote nne akafungiwa kabla hajamaliza. Akikata tamaa watu watasema hawezi, wakati tatizo lilikuwa kwenye muda aliopewa.

Mwalimu anaweza kulikwepa hilo kwa kuandaa kila kitu kabla ya kupiga: namba ya anayetumiwa iwe wazi kwenye kadi, kiasi kiwe kimeshachaguliwa, mfuatano uwe umeshafanyiwa mazoezi kwenye karatasi iliyochorwa vitufe vya simu. Mwenye simu janja anaweza kutumia programu ya kampuni yake, ambayo kwa kawaida haina pupa ya namna hiyo. Lakini kampuni za simu zina uwezo wa kuwapa wateja wanaohitaji muda mrefu zaidi. Benki Kuu, inayosimamia malipo haya chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, zina mamlaka ya kulidai hilo. Wazee na wenye uoni hafifu nao wangeshukuru.

Namba ya siri ina namna yake ya kufundishwa. Tarakimu nne zilizosikika zinaweza kupotea kichwani ndani ya dakika, lakini njia ambayo kidole hupita kwenye vitufe inaweza kukaa miaka. Mwanafunzi aichague mwenyewe, aifanyie mazoezi kwenye vitufe vya karatasi mpaka mkono uzoee, kisha karatasi ichanwe. Isiwe mwaka wa kuzaliwa, na isiandikwe nyuma ya simu.

Jambo jingine ambalo walimu hukutana nalo ni simu kubadilika. Aliyejifunza kwenye simu ya darasani anaweza kushindwa kabisa kwenye simu ya nyumbani, kwa kuwa kitufe cha kijani kimehama. Programu ikisasishwa usiku, asubuhi alama zimebadilika sura, na mwenye usonji anaweza kuchafukwa siku nzima. Kwa hiyo ni vyema mtu afundishwe kwenye simu atakayoitumia, baadaye aonyeshwe nyingine moja au mbili ili azoee kwamba sura hubadilika na kazi ni ileile.

Kumtambua tapeli

Sababu kubwa inayowafanya wazazi wakatae ni matapeli, na hofu yao ina msingi. Hakuna mwenye laini Tanzania ambaye hajapokea ujumbe wa "ile hela nitumie kwenye namba hii". Mtu anayeamini maneno kama yalivyo, na ambaye tumemlea kuwatii wakubwa, yuko hatarini kuliko wengi.

Lakini kumnyima simu hakumlindi maisha yote. Siku moja atashika ya mtu mwingine, au mzazi hatakuwepo. Kinachomlinda ni mazoezi. Mwalimu ashike simu ya pili, akae nyuma ya darasa, ajifanye tapeli. Anapiga: "Kijana, mimi ni wa kampuni ya simu. Umeshinda milioni moja. Nitajie namba yako ya siri nikuwekee." Darasa zima linasikiliza. Mwanafunzi hatakiwi kupima kama mpigaji ni mkweli au mwongo, kwani hata wasomi hushindwa mtihani huo. Anatakiwa kufuata kanuni tatu, zilizochorwa ukutani. Anayeuliza namba ya siri, kata simu, hata akiwa na sauti ya heshima, hata akikuita mwanangu. Anayesema amekosea kukutumia hela, usirudishe chochote. Jambo lolote la hela usilolielewa, mpelekee mtu wako wa kuuliza, ambaye jina na picha yake viko juu kabisa kwenye simu. Zoezi hili lirudiwe kila wiki kwa sauti tofauti na visingizio tofauti, kwa sababu matapeli nao hubadilika.

Mtu wa kuuliza naye awe na kazi: aripoti namba ya tapeli kwa ujumbe kwenda 15040, namba ya TCRA ya kupokea taarifa hizo, na mara kwa mara amsaidie mwenye laini kupiga *106# kuona kama kuna laini nyingine zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Kuna hatari nyingine ambayo wazazi huiogopa kuitaja. Wasichana na wavulana wenye ulemavu wa akili hutafutwa na watu wanaoomba picha za mwili kwa maneno matamu. Mafunzo ya simu yasiyogusa jambo hili hayajakamilika. Wafundishwe, kwa picha na kwa lugha isiyozunguka, sehemu zipi za mwili hazipigwi picha kutumiwa mtu, na kwamba mtu akisema "usimwambie mama", hiyo ndiyo sababu ya kumwambia mama.

Kwenye kibanda cha wakala

Ujuzi wa darasani hupimwa mtaani. Kwenda kwa wakala kuna mfuatano wake, nao unafundishika: kusimama kwenye foleni, kuamkia, kusema shida yako kwa sentensi moja, kutoa hela, kusubiri. "Shikamoo mama, naomba kuweka elfu mbili." "Marahaba mwanangu, taja namba." Asiyezungumza vizuri aonyeshe kadi yenye maneno hayo. Haondoki mpaka ujumbe uingie na salio libadilike. Na kanuni kubwa kuliko zote: simu haitoki mkononi. Wakala mwenye huruma atasema "lete nikubonyezee", akitaka kumsaidia mteja na kupunguza foleni. Kijana afundishwe kujibu, "Asante mama, naweza mwenyewe."

Inasaidia sana mzazi au mwalimu akizungumza na mawakala wawili watatu wa karibu mapema, wamjue kijana, wajue kwamba anachukua muda na kwamba anayesubiriwa ni yeye, asijibiwe kupitia kwa aliyemsindikiza.

Namba ya siri ni ya nani

Hapa ndipo mafunzo mengi hufia. Kijana amehitimu, anajua kutuma, kupokea na kuangalia salio. Anarudi nyumbani, na laini yenye hela imesajiliwa kwa jina la mjomba. Namba ya siri anaijua mjomba. Kijana akifuma mkeka au akiuza mayai ya kuku wake, malipo yanaingia kwa mjomba, naye anaambiwa hela yake ipo.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unalitamka jambo hili wazi. Ibara ya 9 inazitaka nchi kuhakikisha watu wenye ulemavu wanafikiwa na teknolojia ya habari na mawasiliano kama wengine. Ibara ya 12 inasema wana haki sawa mbele ya sheria, na inataja haki ya kumiliki mali na kusimamia mambo yao ya fedha, wakipewa msaada wanaouhitaji. Tanzania ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Halmashauri nazo zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Lakini haki hizi zote sasa zinapita kwenye laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA. Asiye na laini ya jina lake yuko nje ya mlango.

Kumwachia mtu namba yake ya siri hakumaanishi kumtupa. Familia inaweza kukubaliana naye kwamba kwenye simu kikae kiasi kidogo cha matumizi ya wiki, na akiba kubwa ikae benki. Inaweza kukaa naye kila Jumapili kupitia ujumbe wa miamala, yeye akiwa ndiye ameshika simu. Akikosea akapoteza elfu mbili, hiyo ni ada ya kujifunza ambayo sisi wengine tumeilipa mara nyingi bila kunyang'anywa simu.

Wapo pia ambao ulemavu wao ni mkubwa kiasi kwamba hawatashika hesabu ya hela. Nao wana kazi za kufanya na simu. Kubonyeza picha ya mama na kusikia sauti yake ni mawasiliano. Kutuma ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp hakuhitaji kusoma. Asiyeongea anaweza kutumia programu ya picha zinazotoa sauti, ambapo ndugu yake amerekodi kwa Kiswahili: nataka maji, naumwa, sitaki. Mtu aliyeweza kusema "sitaki" kwa mara ya kwanza amepata kitu kikubwa kuliko kutuma pesa.

Darasa bila maabara

Haya yote hayangoji maabara ya kompyuta. Vitengo vya elimu maalumu katika shule za kawaida za msingi, kama Uhuru Mchanganyiko jijini Dar es Salaam, na shule kama Irente Rainbow kule Lushoto, zina walimu waliozoea kugawa kazi katika hatua ndogo; ndivyo wanavyofundisha kuoga, kuvaa na kupika. Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha kimekuwa kikiandaa walimu wa aina hii kwa miaka mingi. Ujuzi wa kufundisha upo. Kinachotakiwa ni simu kuingia rasmi katika ratiba ya stadi za maisha, pamoja na bajeti ya bando na simu chache za mazoezi.

Simu zenyewe zimeanza kusaidia. Simu nyingi za Android zina uwezo wa kubandika programu moja kwenye kioo, mtu asitoke humo kwa bahati mbaya. Mwaka 2023 Apple ilitoa mpangilio wa iPhone uliotengenezwa mahususi kwa wenye ulemavu wa akili, wenye vitufe vikubwa na kazi chache. Lakini hata kitochi kinatosha kuanzia: kufuli ya vitufe, namba ya haraka ya kumpigia mama, na kitufe chekundu cha kumkatia tapeli.

Mzazi anayesoma makala haya anaweza kuanza leo. Achague kazi moja tu, ile ambayo kijana wake anaitamani, iwe kumpigia bibi au kununua bando la nyimbo. Aiandike hatua zake zote kwenye karatasi, achore picha pembeni ya kila hatua, abakize hatua ya mwisho kwa kijana na arudie kila siku kwa dakika kumi. Wakati huohuo aanze kufuatilia kitambulisho cha NIDA na laini ya jina la kijana, kwa sababu hilo huchukua muda. Na siku kijana atakapochagua tarakimu zake nne, mzazi ageuze uso upande wa pili.